Kitambaa Kisicho na Harufu

2 Machi

Kwa wifi yangu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nataka kujua hali yako, ya kaka, na zaidi ya mama. Mimi huku mzima, ukiacha mikono, ambayo mvuke wa pasi umeikausha mpaka inapasuka kwenye viungo.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini simu ya hapo nyumbani ni ya mama, na mama hajui kuongea bila kubonyeza sauti ya juu, ile ya spika. Likisemwa jambo analisikia yeye, na jirani naye analisikia. Kuna mambo ya wifi na wifi, ndiyo maana nimeyatia kwenye bahasha na dereva wa basi la vifurushi atakukabidhi mkononi.

Jana nilimuuliza mama dripu ya kwanza ya saratani ilikuwaje. Akaniambia alitapika njia nzima ya kurudi, kisha hapohapo akaingia kwenye habari zako. Bi harusi kanishika kichwa. Bi harusi kanibadilishia shuka. Bi harusi kanikanda miguu. Nikakaa na simu sikioni nikisikiliza sifa zako mpaka muda wa mapumziko ukaisha na msimamizi akaanza kunitolea macho. Mama hakuniuliza hata kama nimekula.

Miaka yote hii umeolewa na bado unaitwa bi harusi. Mimi niliyezaliwa mle ndani naitwa Chiriku, eti kwa kuwa sifungi mdomo. Silalamiki. Nasema tu.

Nywele zake zitaanza kudondoka, nimesikia hivyo. Kwenye kifurushi kuna kitambaa cha kichwa, cha hariri, rangi ya zabibu. Nimekifua mwenyewe kwa ile sabuni ya maua tunayofulia mashuka ya vyumba vya juu hapa hotelini, kisha nikakiloweka kwenye dawa ya kulainisha nguo mpaka kikashika harufu vizuri. Nataka akivaa ajue niko naye. Akivae siku za dripu, na kisiwe kingine. Nakuomba ulisimamie hilo, maana wewe ndiye uliyepata bahati ya kuwa karibu.

Wifi yako,
Chiriku


24 Machi

Wifi yangu Chiriku,

Salamu zako nimezipokea zote, hata zile zenye mwiba. Sisi hatujambo. Kaka yako anachomelea mageti mchana kutwa, anarudi macho mekundu, anakula, analala. Mama naye hajambo kwa kiasi chake.

Hiyo bahati unayoisema, wifi, ina ndoo na tambara. Ukiitaka niambie, nitakuwekea kwenye basi la vifurushi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, usije ukadhani mama yako anatapika kwa sababu mimi sijui kazi. Unamjua mama na dawa. Katika nyumba hii dawa hainywewi kabla ya kula, na hainywewi kabla ya kuumwa. Ndivyo alivyowalea na ndivyo alivyo mwenyewe. Siku ya dripu ya kwanza nesi alimpa kidonge kidogo cha kuzuia kutapika, akamwambia akiweke juu ya ulimi kiyeyuke, wasubiri kidogo, ndipo dripu ianze. Mama akasema ahsante sana mwanangu. Nesi alipotoka, akakifunga kwenye pindo la nguo, kwa hoja kwamba alikuwa bado hajaumwa. Akakitunza vizuri. Tulipokuwa kwenye gari tunarudi na matapishi yamekwisha kuanza, akakifungua, akakitia mdomoni, kikatoka pamoja na kila kitu.

Nesi aliposikia alicheka kwanza, halafu akatugombeza wote wawili. Akasema dawa hii ni ya kuwahi. Unaitumia ukiwa mzima, tumbo likiwa limetulia, na siku zinazofuata unaendelea kumeza kwa saa zake hata kama husikii chochote. Ukingoja mpaka utapike umeshachelewa. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, kisha njiani akaniambia yule nesi bado mtoto.

Kwa hiyo siku hizi mimi ni askari. Dripu ya pili nilisimama mbele yake nikamwambia, mama, ulimi. Akautoa. Nikatazama mpaka kidonge kikayeyuka. Alinuna, lakini kutapika kulikuwa kidogo sana, na jioni alikula viazi vya kuchemsha.

Kitambaa kilifika. Alikivaa siku hiyohiyo, akakivutia puani, akasema, huyu ni Chiriku. Alifurahi. Ahsante.

Wifi yako, wa ndoo


14 Aprili

Wifi,

Hujambo? Kaka hajambo? Kuhusu mama sikuulizi, maana nimemwona kwa macho yangu.

Kaka amenitumia picha. Mama amekaa kwenye kiti cha dripu ya tatu, anacheka, na kichwani kafungwa kitambaa cha buluu kilichopauka. Nakijua. Ni chako, ulikuwa unajifunga ukipiga deki. Nikaikuza ile picha mpaka ikawa nukta tupu, nikitafuta changu labda kiko mabegani, labda mapajani. Hakipo. Nikampigia kaka karakana, na unajua kaka hawezi uongo hata ukimfundisha. Akasema, "Ah, kile cha zabibu? Kipo kwenye sanduku la mke wangu, kakifungia."

Umekifungia. Kitambaa nilichomtumia mama yangu umekitia kufuli, na kichwani umemfunga tambara lako la deki.

Nitasema wazi na sioni haya: nina wivu. Nina wivu na kile kiti unachokalia karibu na kiti chake. Nina wivu na hiyo ndoo. Mimi hapa nafua mashuka ya watu nisiowajua, wanalala mara moja wanaondoka, na hakuna anayejua kuna mtu aliyeyafua. Wewe unafua ya mama yangu, na kila unachofanya kinatangazwa kwa sauti ya juu. Nilituma kitu kimoja tu kiniwakilishe, ukakiondoa njiani.

Halafu kuna hivyo vidonge. Juzi mama aliondoa sauti ya juu, sikumbuki kama amewahi kufanya hivyo, akaninong'oneza kwamba vidonge vya kuzuia kutapika vinamfunga choo na kumuuma kichwa, na kile cha jioni kinamlaza mpaka anaamka watu wanakula chakula cha mchana. Hataki kukwambia, eti wewe unavipenda sana vidonge vyako. Nikamuuliza, mara hii umetapika? Akasema hapana. Nikamwambia basi huna haja navyo, dripu ijayo viache, kwa nini ujaze tumbo dawa za ugonjwa ambao huna? Akafurahi kusikia hivyo. Akasema ndivyo alivyokuwa anafikiri yeye tangu mwanzo.

Mimi ni mtoto wake wa kumzaa, na hilo nina haki ya kulisema. Mtu mzima anajua tumbo lake. Usimsimamie kama askari jela.

Basi la vifurushi limeharibika, sijui barua hii itafika lini. Ikikuta umeshakitoa kitambaa changu sandukuni, tutakuwa salama.

Chiriku


8 Mei

Kwa Chiriku,

Sisi ni wazima, isipokuwa mama.

Barua yako niliisomea hospitali, nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi. Ilikuja wakati jambo limekwisha kutokea.

Siku ya dripu ya nne alikiweka kidonge juu ya ulimi. Nesi alipogeuka akakitemea kwenye leso. Sikuangalia, kwa sababu nilikuwa nimeacha kumkagua. Niliona ni kumkosea adabu mtu aliyenipokea nyumbani kwake na kuniita bi harusi. Vya siku zilizofuata alikuwa anavipokea kwa mkono wa kulia, ananiomba maji, na anavitia chini ya mto. Nimevikuta vyote nilipokung'uta kitanda.

Alitapika mpaka hakukuwa na kitu cha kutapika, na tumbo likaendelea kujikamua. Hata tone la maji halikukaa. Macho yalizama, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Kaka yako alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na njia nzima alikuwa anamwambia mama samahani kwa kumtikisa. Walimtundikia maji, hatapiki tena, na jana wameturudisha nyumbani. Lakini amegoma. Aliniambia, "Bi harusi, mimi na dripu basi." Hasemi kwa hasira. Anageukia ukutani.

Daktari ametueleza bila kuficha. Dripu zilizobaki ndizo zinazousinyaza uvimbe ili uweze kukatwa. Akiachia hapa utajaa tena, na hatampasua kwa sababu hautatoka wote. Kaka yako alimlilia mama mbele ya wagonjwa wengine. Nesi alikuja kumbembeleza mpaka kitandani. Amegeukia ukutani.

Kuhusu choo na kichwa, ungeniuliza. Au angeniambia. Nesi anasema hayo yanawapata wengi wanaotumia kidonge kile na yana dawa yake, na kile cha jioni kinaweza kupunguzwa. Lilikuwa jambo la kusema tu.

Kuhusu kitambaa. Siku ya dripu ya pili chumba kilikuwa na joto na kinanuka dawa, naye akakivuta kitambaa chako puani tangu mwanzo mpaka mwisho, ili akunuse wewe asiinuse hospitali. Kule kutapika kidogo kulipomjia jioni alikuwa bado amekivaa. Toka siku hiyo ile harufu na ile dripu vimeshikana ndani yake. Asubuhi moja nilipomletea akakifunga, alitapika nyumbani, hakuna dripu, hakuna kitu. Nesi akasema hutokea, mwili unaweka kumbukumbu. Nikakifua, nikakifua tena, nikakianika siku nzima. Sabuni yenu hiyo haitoki. Nikataka kukitupa akanikataza. Nikataka kukwambia akanikataza zaidi. Alinishika mkono akaniapisha. "Usimwambie Chiriku, ataumia." Ndipo nikakifungia sandukuni, kisimfikie puani. Leo nimevunja kiapo.

Na wivu, wifi, usidhani umegawiwa peke yako. Alipokuwa na homa pale wodini aliita, "Chiriku, nishike." Nilikuwa nimemshika tayari, tangu asubuhi. Akaita tena, "Chiriku." Basi nikaipandisha sauti yangu puani, nikaongea harakaharaka kama wewe, nikasema, "Nipo mama, nimekuja, nipo." Akatulia akalala. Nikabaki pale na mkono wangu uliopewa jina lako. Kama ungekuwa karibu ningekuzaba kofi.

Mke wa kaka yako


17 Mei

Wifi,

Salamu sijui nizianzie wapi, kwa hiyo nasema hujambo, na naomba uitikie.

Barua yako niliifungulia kwenye stoo ya mashuka safi, nimekaa juu ya robota, maana ndiko kunakofungika mlango. Harufu ile ya maua ilikuwa imenizunguka kila upande. Nimeipenda miaka yote niliyokaa hapa. Mwanzoni nilipokuja nilikuwa naingia mle kuivuta tu, najiambia siku moja mama alale kwenye shuka linalonukia hivi. Nilipofika pale ulipoandika kwamba alitapika nyumbani bila dripu, nilitoka nje nikasimama kwenye mapipa ya taka, na kule nikajisikia nafuu.

Nilimwambia aache vidonge kwa sababu vilikuwa vyako. Kama vingekuwa vya kaka nisingesema neno. Nimelifikiria hilo juu ya mbao za kupigia pasi na sijapata njia ya kulisema vizuri zaidi.

Lakini sitakupaka mafuta. Pale uliposema umeigiza sauti yangu, wivu ulinikaba upya. Aliniita mimi, ukaenda wewe. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyingine.

Sasa nisikilize. Ijumaa jioni nitapiga simu. Mpe mama. Akiweka sauti ya juu mwache, na ufungue dirisha jirani apate vizuri. Nitamwambia kwamba nilisema nisilolijua, na kwamba kwa habari ya vidonge wewe ndiye mwenye neno, mimi sina. Maneno hayo yatanitoka kwa taabu, kwa hiyo nikikwama usinisaidie, na nikimaliza usicheke. Kabla ya hapo muulize nesi hiyo dawa ya choo na ya kichwa, uwe nayo mkononi, mama asipate pa kupenyea.

Kwenye kifurushi kuna kitambaa kingine. Ni cha pamba, cheupe. Nimekifua kwa maji matupu. Nimekisuuza, nimekianika juu ya paa, mbali na bomba la moshi la jikoni, nikakishusha nikanusa, nikakisuuza tena. Wenzangu wamenicheka mpaka basi, mtu anayelipwa kunukisha nguo anahangaika isinuke. Mwishowe nikamwita msimamizi, ambaye anaweza kunusa mkono wa shati akakwambia nani alikuwa anavuta sigara ndani. Nikamfumba macho, nikamwekea puani. Akasema, "Umeweka au bado?"

Nimekikunja nikiwa na glavu. Hakina sabuni, hakina maua, hakina mimi. Hiki usikifungie.

Wifi yako, kama bado unanitaka


18 Juni

Wifi yangu,

Hatujambo, na safari hii nasema hatujambo nikimaanisha. Hali ya mikono yako? Kuna mafuta mazito mama anapakwa miguuni, nitakuwekea kidogo. Hayana harufu, usiogope.

Simu yako tuliisikia. Jirani alizima redio. Ulipomaliza, mama akauliza, "Chiriku, umeanza lini kumsifia wifi yako? Unaumwa?" Nikaangalia ukutani ili nisicheke, kama tulivyokubaliana. Akakata simu, akageukia ukuta wake. Nikajua tumefeli. Kesho yake nikiwa napepeta mchele aliniita akauliza, kana kwamba anauliza habari ya mtu mwingine, dripu ilikuwa ipangwe lini.

Nesi alimpokea vizuri wala hakumkumbusha yaliyopita. Wamebadilisha kidogo. Kile cha jioni wamekipunguza, wameongeza dawa moja mpya ya kuzuia kutapika, na wakampa nyingine ya kutulia ya kunywa siku inayotangulia, kwa ajili ya geti. Maana ilikuwa imefika mahali akiliona geti la hospitali tu mate yanamjaa. Kichwa na choo navyo vina dawa yake. Tulipoingia chumbani nikamkalisha. Akakiweka kidonge, akangoja, akanitolea ulimi mwenyewe, mrefu, kwa makusudi, mpaka mgonjwa wa kiti cha pili akacheka. Hakutapika siku hiyo. Hakutapika siku zilizofuata. Dripu ya mwisho nayo imepita vilevile, na ameanza kunisema kwamba chumvi yangu ndogo, kwa hiyo nadhani anapona.

Sasa kuhusu kitambaa. Nilimletea nikiwa na ndoo mkono wa pili, kwa tahadhari. Alikipeleka puani, akanusa, akanusa tena upande wa pili. Akasema, "Kinanuka nini hiki?" Nikasema hakinuki kitu, mama. Akakifunga kichwani, akajitazama kwenye sufuria iliyosuguliwa. Akasema, "Basi ni cha Chiriku. Nani mwingine angejisumbua hivyo?"

Nakuandikia haya shingo upande, wifi. Mimi nimeshinda na ndoo miezi yote hii, nawe umempata kwa kitambaa kisicho na kitu. Nilitoka nje nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jambo kubwa ni hili. Daktari amempima, uvimbe umesinyaa, amekubali kumpasua mwezi ujao. Wodi ya upasuaji inaruhusu mtu mmoja tu kukaa na mgonjwa. Wanatoa kadi moja, na kiti kipo kimoja. Nilimuuliza mama anataka nani. Akasema, "Mtajua wenyewe, mimi nitakuwa nimelala."

Wifi yako


25 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Hamjambo nyote? Mafuta yamefika, nayapaka, yananata kwenye mashuka na msimamizi ananung'unika.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nitakuwa hapo kabla ya siku yenyewe. Nakuomba hicho kiti.

Sikuombi kwa sababu mimi amenizaa na wewe hakukuzaa. Hilo nilikwisha kulisema nikaona lilikotufikisha. Nakuomba kwa sababu wewe umemshika mara zote, hata zile alizoniita mimi. Nataka akifumbua macho mara moja tu aone ni mimi kweli, si mtu anayeniigiza.

Ukikataa nitanuna, lakini nitakuja na kunung'unikia jikoni kwako.

Wifi yako,
Chiriku


6 Julai

Wifi Chiriku,

Salamu baadaye. Nimekataa kwanza kimoyomoyo. Nikakataa mara ya pili kwa sauti, sufuria zote zikasikia. Kaka yako aliniuliza naongea na nani, nikamwambia na dada yako, akasema ahaa, akaendelea kula.

Sasa nakubali, na kukubali kwenyewe kunaniuma, naomba ulijue hilo ukiwa umekaa. Kiti ni chako. Lakini ukikikalia utafanya kama ninavyokwambia.

Hatakula wala kunywa kabla ya kuingia, na ataomba chai. Usimpe. Atakwambia mimi huwa nampa. Simpi.

Kabla hawajamlaza watamchoma dawa ya kuzuia kutapika kwenye mshipa. Mtaalamu wa usingizi atakuja kumuuliza maswali, na mama atajibu kwamba yeye hana tatizo lolote, kwa sababu anapenda kuonekana mgonjwa mzuri. Hapo uingilie. Sema, huyu anatapika, dripu zilimsumbua, safari moja alilazwa. Sema hata kama limeandikwa kwenye faili. Akitapika baada ya kupasuliwa mishono itavutika, na maumivu yake sitaki hata kuyafikiria. Hapo ndipo mdomo wako uliokupa jina utatufaa.

Uvimbe uko kushoto, kwa hiyo kaa kulia, shika mkono wa kulia. Hapendi kushikwa vidole, anapenda kiganja. Akianza kumeza mate mfululizo muite nesi, usingoje atapike. Ongea polepole.

Na uje bila harufu, wifi. Oga kwa maji, vaa nguo zangu, nitakuwekea kitandani.

Mimi nitakuwa nyumbani napika supu ambayo hataila.

Wifi yako, anayekuonea wivu tangu sasa


17 Julai, wodini

Wifi,

Simu wamezikataza humu, na nikitoka nje kupiga atabaki peke yake. Naandika nyuma ya karatasi ya masharti ya wodi, kaka anangoja kwenye korido akuletee. Jana tumelala kitanda kimoja na hatukusema lolote la maana, nawe ulivuta shuka lote. Basi nakuandikia.

Kwanza uweke moyo chini. Ametoka, yupo hai, na daktari amesema wametoa walichokusudia kutoa. Alipokuja yule wa usingizi mama akasema hana tatizo lolote, kama ulivyosema. Nikaingilia. Niliongea mpaka yule bwana akaweka kalamu chini akasema, "Dada, nimeelewa." Wakamchoma dawa. Hakutapika alipotolewa, na mpaka ninapoandika hajatapika. Kuna wakati mmoja alimeza mate mfululizo, nikamuita nesi kwa mbio mpaka kiti kikaanguka, akaongezewa sindano, kukatulia.

Sasa la pili. Nilikaa kulia. Nilishika kiganja. Nilikuwa nimevaa gauni lako la kijani, sina sabuni, sina mafuta. Nikangoja afumbue macho anione.

Hakufumbua. Midomo ndiyo iliyoanza. Akasema, "Bi harusi." Nikadhani labda anaanza habari fulani, unamjua anavyoanza habari. Akasema tena, "Bi harusi, nishike." Wifi, nilikuwa nimemshika.

Nikakumbuka barua yako. Nikaishusha sauti, nikaongea polepole, kwa ule utaratibu wako unaoniudhi, nikasema, "Nipo, mama." Akanyamaza. Nikajipongeza. Kisha, macho yamefumba, na dawa yote ile ya usingizi mwilini, akasema, "Chiriku, acha utani. Niitie mwenzio."

Nililia, sitakuficha. Wewe uliponiigiza alikubali akalala. Mimi nilipokuigiza hakudanganyika hata kidogo. Nimekaa hapa nikilitafuna hilo mpaka supu ya wagonjwa ikapita na kurudi. Na nadhani, wifi, hata siku ile ya homa alijua. Alijua mkono ni wa nani, ndiyo maana alilala. Inaniuma kuandika hivyo, lakini nimeona nisipokuandikia mimi hakuna atakayekwambia, na yeye hatasema kamwe.

Kadi ya wodi iko ndani ya karatasi hii. Acha hiyo supu. Njoo kabla hajaamka vizuri, ukifika nitakupisha, nikae kwenye lile benchi lako la nje mpaka utakaponiita.

Na uje na kitambaa cheupe, nimekisahau kitandani.

Mtoto mwenzio,
Chiriku